Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Safari ya Yucatán na Maswali Yanayotuhusu Wapwani

Mpwa wangu anaishi Toronto, Kanada, mwaka wa tisa sasa. Ni muuguzi, mumewe huendesha lori, na wamejaliwa watoto wawili. Juma lililopita alinitumia ujumbe wa sauti, kwao jioni, kwetu usiku wa manane.

"Shikamoo mjomba. Tumeamua, inshallah Idi ikishapita na shule zikifungwa Machi, twende Meksiko, kule bahari ya Karibi. Tumeona hoteli moja, walipa mara moja na kila kitu kimo ndani. Lakini watoto wataka kuona wanyama na msitu, si kuogelea tu. Wewe umetembeza wageni miaka yote hiyo. Hebu tupangie."

Nilicheka peke yangu. Nina diploma ya utalii, na nimeongoza wageni kati ya Shimoni na Lamu kwa miaka kumi na tano, lakini Meksiko sijaikanyaga. Hata hivyo rasi anayoizungumzia, Yucatán, nimeifuatilia kwa muda mrefu. Sababu ni moja. Kila nikisoma habari za kule naona kama nasoma habari za kwetu, ila wao wametutangulia miaka kadhaa.

Basi nikampangia. Na katika kumpangia nikakutana na maswali ambayo si ya mgeni peke yake, ni ya mwenyeji pia. Hayo ndiyo ninayotaka tuyatazame leo.

Nchi ambayo mito yake iko chini

Yucatán inatenganisha Ghuba ya Meksiko na bahari ya Karibi. Upande wa Meksiko imegawanywa majimbo matatu: Yucatán, Campeche na Quintana Roo. Ardhi yake ni bapa na ni ya mawe ya chokaa, ndugu wa jiwe letu la matumbawe. Mvua ikinyesha haitiririki juu, inazama. Ndiyo maana kaskazini mwa rasi hiyo karibu huoni mto. Mito iko chini ya ardhi, na pale paa la pango lilipoporomoka pamebaki shimo lenye maji matamu, maangavu. Mashimo hayo huitwa senote. Wamaya, wenyeji wa rasi hiyo, wameyategemea maji hayo tangu enzi za mababu zao, na baadhi ya senote waliziheshimu kama Wamijikenda wanavyoheshimu kaya. Mwaka 2018 wapiga mbizi walitangaza kwamba mapango mawili karibu na mji wa Tulum, Sac Actun na Dos Ojos, yameungana chini kwa chini, na kwa pamoja yana urefu wa kilomita 347. Wakati huo hapakuwa na pango lililojaa maji refu kuliko hilo lililowahi kupimwa duniani.

Nilimwambia mpwa wangu alielewe jambo hilo kabla hajalipa senti. Kinachomwagwa juu huingia chini: maji ya choo cha hoteli, mafuta ya kujipaka ya kuzuia jua, dawa ya mbu. Na kinachoingia chini hutokea baharini, juu ya matumbawe. Mtu aliyelelewa Mombasa au Malindi, ambako shimo la choo na kisima vinaweza kuwa katika ua mmoja, hahitaji kuelezwa mara mbili.

Uko undugu mwingine. Mkonge tunaouona tukipita Vipingo asili yake ni Meksiko, na jina lake la Kizungu, sisal, ni jina la bandari ndogo ya Yucatán ambako nyuzi hizo zilipakiwa melini. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche Tanganyika kupitia Florida na Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62, na kilimo cha mkonge cha Afrika Mashariki kikaanzia hapo. Kule Yucatán zao la jamii ya mkonge lilijenga majumba ya kifahari ya mji wa Mérida, huku Wamaya wakifanyishwa kazi mashambani kwa madeni wasiyoweza kuyamaliza. Mali ilikuwepo. Swali lilikuwa inakwenda kwa nani.

Mji uliochorwa kwenye karatasi

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa Benki Kuu ya Meksiko walitafuta mahali pa kujenga mji wa utalii ili nchi ipate dola. Wakachagua ukanda mwembamba wa mchanga uliokuwa na minazi na wavuvi wachache, kati ya bahari na ziwa la maji ya chumvi la Nichupté. Ujenzi ulianza 1970, na hoteli za kwanza zikafunguliwa 1974. Ndiyo Cancún. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 katika manispaa yake. Uwanja wake wa ndege ulipitisha abiria zaidi ya milioni 30 mwaka 2024, wanaofika na wanaoondoka. Kenya nzima mwaka huo ilipokea wageni wapatao milioni 2.4.

Ukizisoma hesabu hizo mbele ya mawaziri wetu watapiga makofi, na huenda wakauliza Cancún yetu itajengwa wapi. Lakini tazama hoteli ya "kila kitu ndani" inavyofanya kazi. Mgeni amelipa akiwa Toronto, mara nyingi kwa kampuni ya huko huko. Anashuka, anabebwa na basi la hoteli, anakula mle, anakunywa mle, anarudi kwao. Mwenyeji anayemfaidi ni yule aliyeajiriwa kutandika kitanda na kuosha vyombo. Mvuvi, muuza matunda na dereva wa teksi wanamwona mgeni kupitia kioo cha basi.

Hayo sikuyasoma kitabuni. Niliwahi kuchukua wageni kutoka hoteli moja ya pwani yetu, sitaitaja, waliokuwa na siku ya kumi na mbili nchini na hawajawahi kununua hata dafu. Muuza madafu alikuwa hatua ishirini nje ya ukuta. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona.

Gharama nyingine ni ya maumbile yenyewe. Januari 2016 mitambo iliingia usiku eneo la Tajamar, mjini Cancún, ikafyeka mikoko ili kupisha mradi wa majengo. Miezi michache kabla, watoto zaidi ya 100 wa mji huo walikuwa wamekwenda mahakamani kudai haki yao ya mazingira salama. Mahakama ilisimamisha mradi, ila mikoko ilikuwa tayari imelala chini.

Treni iliyopita juu ya mapango

Habari kubwa ya rasi hiyo katika miaka ya karibuni ni Treni ya Maya, mradi wa aliyekuwa Rais, Andrés Manuel López Obrador. Sehemu ya kwanza ilizinduliwa Desemba 2023, na mwaka mmoja baadaye njia nzima ya takriban kilomita 1,550 ilikuwa imekamilika. Msimamizi wake ni jeshi. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi: kusini mashariki mwa Meksiko kumeachwa nyuma kwa miongo mingi, utajiri wote umekaa Cancún, basi treni iwatoe wageni ufuoni iwapeleke bara, kwenye magofu ya Wamaya na miji midogo.

Tatizo lilikuwa namna ya kujenga. Mwaka 2022 njia ya kusini mwa Cancún kuelekea Tulum ilihamishwa kutoka kandokando ya barabara kuu ikaingizwa msituni, juu ya ile ardhi yenye mapango. Mamilioni ya miti yaliondolewa. Nguzo za chuma zilipigwa hadi ndani ya mapango, wapiga mbizi wakazipiga picha zikiwa zimesimama ndani ya maji. Wananchi walipokwenda mahakamani, mradi ukatangazwa kuwa wa usalama wa taifa, na kazi ikaendelea.

Sisi tunaosoma haya tukiwa Mombasa tunajua ladha yake. Reli yetu mpya ilianza kubeba abiria 2017, ikapita Tsavo juu ya tuta, na stesheni ikawekwa Miritini, mbali na mjini. Kule nako stesheni nyingi ziko nje ya miji, na mgeni akishuka bado anatafuta gari. Siwaambii kwamba reli ni mbaya. Mimi mwenyewe naipanda. Ninachosema ni kwamba mradi ukianza kwa haraka na kuwaita wanaouliza maswali wapinzani wa maendeleo, maswali hayaondoki. Yanageuka bili, na bili hulipwa na wanaobaki.

Ufuo ni wa nani?

Kwa sheria ya Meksiko fuo zote ni mali ya umma, na ukanda wa mita 20 kutoka baharini uko chini ya serikali kuu. Mwaka 2020 bunge lao liliongeza faini kwa mwenye hoteli anayewazuia watu kufika ufuoni. Sheria nzuri. Lakini kufika ufuoni ni lazima upite mahali, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Mwaka 2025 wakazi wa Tulum walipiga kelele kwamba njia zao za kwenda baharini sasa zinapita ndani ya hifadhi mpya ya Parque del Jaguar, yenye lango na kiingilio. Mtu aliyezaliwa pale akawa anaulizwa tiketi ili akaoge baharini.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Nayo ni sheria nzuri. Kijia tulichopita utotoni kwenda kuvua pweza leo kina ukuta wa futi nane na mlinzi. Bahari ni yetu bado. Njia ndiyo si yetu.

Waliopanga wenyewe

Nisingependa msomaji aondoke na fikra kwamba rasi ile yote imepotea. Kusini mwa Tulum iko hifadhi ya Sian Ka'an, iliyotangazwa 1986 na kuingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka uliofuata. Ina ukubwa wa zaidi ya hekta 500,000: msitu, mikoko, vinamasi na matumbawe. Ncha yake ya pwani ina kijiji cha wavuvi, Punta Allen. Ushirika wao, Vigía Chico, ulianzishwa 1968, na wamegawana ghuba kama watu wanavyogawana shamba. Kila mvuvi ana eneo lake la kuvua kamba mawe, anawekea vibanda chini ya maji ili kamba wajifiche, na haruhusiwi kuingia eneo la mwenzake. Mwenye eneo lake halimalizi, kwa sababu mwakani atarudi pale pale. Msimu ukifungwa, wengi wao hupeleka wageni kuona pomboo, kasa na ndege kwa mashua hizo hizo. Upande wa bara wa hifadhi, pale Muyil, Wamaya wenyewe huwapitisha wageni katika mifereji ya kale ndani ya mikoko.

Jambo la pili ni la matumbawe. Mwamba wa Mesoamerika unaanzia ncha ya rasi hiyo hadi visiwa vya Honduras, karibu kilomita 1,000. Jimbo la Quintana Roo lilikata bima kwa ajili ya mwamba huo, kama mtu anavyokatia gari. Mwaka 2020 kimbunga Delta kilipopiga, bima ililipa zaidi ya dola 800,000, na vikosi vya wapiga mbizi wa kienyeji waliofunzwa mapema vikashuka kurudishia vipande vya matumbawe vilivyovunjika. Hoteli zenye akili zilielewa hesabu hiyo: mwamba ukifa, mawimbi yatakuja kuchukua mchanga, na bila mchanga hakuna mgeni.

Ratiba niliyompa

Nikamwandikia mpwa wangu hivi.

Kwanza, karatasi. Mkenya anahitaji viza ya Meksiko, lakini mwenye ukaazi wa kudumu wa Kanada huruhusiwa kuingia bila hiyo. Athibitishe na ubalozi kabla ya kukata tiketi, maana kanuni hubadilika. Jimbo la Quintana Roo nalo hutoza mgeni kodi yake ndogo.

Pili, msimu. Machi ni kiangazi kule. Vimbunga huja Juni hadi Novemba, kwa hiyo wako salama. Ila watoto wajue hawatamwona papa shilingi, yule papa mkubwa mpole wa madoadoa tunayemjua hata huku. Kule hukusanyika karibu na kisiwa cha Holbox kuanzia Juni hadi Septemba. Kasa nao hutaga kuanzia Mei, ingawa wale wanaokula nyasi za bahari pale Akumal huonekana mwaka mzima. Na Machi ndipo sargasamu huanza kufika kwa wingi. Huo ni mwani wa kahawia unaoelea, ambao tangu 2011 umekuwa ukitanda kutoka Afrika Magharibi hadi Ghuba ya Meksiko, na mwaka 2025 ulivunja rekodi. Ukioza ufuoni hunuka kama mayai viza. Picha ya hoteli haitaonyesha hilo.

Tatu, mahali pa kulala. Nilimwambia waache Cancún siku ya kwanza tu. Walale siku tatu Mérida, waende Celestún, mwendo wa kilomita 95 hivi, wakawaone heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, kwenye mikoko. Mashua wakodi kwa wavuvi wa pale pale. Kisha washuke Tulum au Felipe Carrillo Puerto, waingie Sian Ka'an na kiongozi Mmaya. Senote wachague inayoendeshwa na kijiji, waoge kwanza bila sabuni wala mafuta, ndipo waingie majini.

Nne, chakula. Hapa nilikuwa mkali kidogo. Chakula maarufu cha Yucatán, cochinita pibil, ni nyama ya nguruwe iliyofungwa majani ya mgomba. Hata maharagwe na mikate ya mahindi huweza kupikwa kwa mafuta ya nguruwe, yanayoitwa manteca. Neno hilo nilimtaka alikariri na aulize kila anapoketi. Samaki wako tele, wa kuchoma na wa ndimu. Lakini kamba mawe wasiagize. Uvuvi wake hufungwa kuanzia tarehe 1 Machi hadi mwisho wa Juni, na anayeuza mbichi wakati huo anamwibia mvuvi wa Punta Allen.

Na sisi je?

Nilipomaliza kuandika niliisoma upya ratiba ile nikajiuliza: mgeni wa Toronto akitaka kupanga safari ya namna hii kuja kwetu, atampata nani? Wapo. Pale Gazi kina mama wamejenga daraja la mbao ndani ya mikoko, na kijiji kinauza hewa safi ya mikoko hiyo kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Kuruwitu, Kilifi, wavuvi walifunga sehemu ya bahari yao wenyewe, bila kuamriwa na Nairobi, na samaki wakarudi. Ndio Punta Allen wetu. Lakini ukitazama mabango ya utalii wa Pwani, utaona kitanda, bwawa la kuogelea na machweo. Mvuvi yumo kwa mbali, kama pambo.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi zaidi ya 4,000 wa Lamu wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari. Uamuzi ule ulisema jambo moja kubwa: mvuvi ana haki yake baharini, na haki hiyo ina thamani. Ingekuwa rahisi zaidi kama tungemuuliza kabla ya kuchimba.

Kaunti zetu bado zina nafasi ambayo Cancún haina tena. Hatujafyeka mikoko yote. Hatujaziba vijia vyote. Naomba mambo matatu tu. Kila kijia cha baharini kiwekwe kwenye ramani ya kaunti na kiandikishwe kabla hakijauzwa. Leseni ya hoteli mpya iambatane na mpango wa maji taka unaoeleweka na mkataba wa kununua samaki, matunda na huduma za mashua kwa wenyeji. Na vikundi vya wavuvi, vile vya BMU, vipewe mamlaka ya kweli juu ya eneo lao, si mihuri na fulana za mikutano.

Mpwa wangu alinijibu asubuhi. Hoteli ya kila kitu ndani wameiacha. Mumewe alilalamika kidogo, alishaizoea ile picha ya bwawa. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mjomba, Disemba tukija nyumbani, watoto nao wataka kuingia mikokoni kama hivyo. Huko kwetu twaenda wapi?"

Nimemwambia Gazi. Nikamwambia pia aje na viatu vya kuchafuka, na pesa ndogo ndogo za kuwalipa kina mama mkononi.